Mstari wa Zaburi nyuma ya meza kuu: kisa cha ukumbi wa halmashauri

Kisa hiki ni cha halmashauri moja ya wilaya katika Nyanda za Juu Kusini. Jina la wilaya, mwaka na majina ya wahusika yameondolewa, na vyeo viwili vimebadilishwa ili mtu asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya madiwani, watendaji na wanasheria wa halmashauri, maana wao ndio huulizwa kuhusu ukuta hata kama hawakushika brashi.

Mazingira

Ni wilaya ya baridi, ya viazi mviringo, mbao na chai. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin na wenzao wa Moravian waliingia upande huu wa kusini mwaka 1891, Wakatoliki nao hawakuchelewa, na kwa miaka mingi shule na zahanati zilikuwa ni za misheni. Siku hizi makanisa ya Kipentekoste yapo mpaka vitongojini. Waislamu wanaonekana zaidi mjini, kando ya barabara kuu: wenye maduka, madereva, wenye mashine za kukoboa, na watumishi waliohamishiwa huku kutoka Tanga, Kigoma na Lindi. Watu wanazikana na wanaalikana. Kwenye harusi ya Mkristo anayechinja mara nyingi ni Muislamu, ili mgeni yeyote ale bila kuuliza.

Kila mtu wilayani atakuambia kwamba Wakristo ndio wengi, na huenda ni kweli, lakini hakuna karatasi ya Serikali inayosema ni wangapi. Sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Kwenye ugomvi huu watu wengi walitupiana asilimia, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuonyesha alikoitoa.

Halmashauri ilikuwa imemaliza jengo jipya la utawala lenye ukumbi mkubwa. Siku za kazi unatumika kwa Baraza la Madiwani, semina na vikao vya wadau. Jumamosi unakodishwa kwa harusi na sendofu, na fedha inaingia kwenye mapato ya ndani. Naomba msomaji asilisahau jambo hilo la Jumamosi.

Yaliyotokea

Mfanyabiashara mmoja wa mbao, mzee wa kanisa na mtu mkarimu kweli, alijitolea viti vya ukumbi pamoja na meza kuu. Siku vilipoletwa, fundi wake wa rangi alikuja navyo. Jumatatu watumishi walikuta ukuta wa nyuma ya meza kuu umeandikwa kwa rangi ya mafuta ya bluu, juu kabisa, juu ya nembo ya taifa na juu ya picha ya Rais na ya Baba wa Taifa. Ulikuwa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 127, ule usemao kwamba Bwana asipoijenga nyumba, wajenzi wanafanya kazi bure. Herufi zilikuwa na urefu wa kiganja, zimepigwa rula, na namba ya Zaburi imewekwa kwenye kona. Fundi hakuishia kwenye nyumba. Aliandika na nusu ya pili, inayosema mlinzi naye hukesha bure Bwana asipoulinda mji. Mlinzi wa usiku wa halmashauri, Muislamu wa makamo, alipoulizwa anaonaje, alijibu kwamba yeye hana neno, mradi hiyo kazi ya kukesha bure iendelee kulipwa. Watu wakacheka, na kwa wiki kadhaa mjadala wote ulikuwa mzaha huo tu.

Mkurugenzi alikuwa Dodoma kwenye mambo ya bajeti. Aliyekaimu aliyaona maandishi na kupita. Hakuna barua iliyoomba kibali, wala muhtasari wa kikao, wala dokezo la mhandisi. Mkurugenzi aliporudi alikuta ukuta umeshazoeleka, akauacha.

Kikao cha kwanza cha Baraza kilipita salama, na diwani mmoja alisimama kumshukuru mfadhili kwa viti na "kwa neno". Kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndipo diwani wa viti maalumu, Muislamu, aliuliza swali fupi: je, maandishi yale yamo kwenye makadirio ya gharama za ujenzi, na kama ni msaada, umeandikishwa wapi? Hakutaja dini. Baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo makusudi, kwa sababu alijua akianza na dini atajibiwa kwa dini. Mwenyekiti alimwambia, "Mama, suala hilo ni dogo, tusilikuze," wakaendelea na ajenda ya ushuru wa mazao.

Kabla jua halijazama, kwenye kundi moja la WhatsApp kulikuwa na ujumbe kwamba kuna diwani anataka kufuta neno la Mungu. Jumapili mhubiri mmoja alilisema madhabahuni bila kutaja jina, lakini kila mtu alimjua anayesemwa. Ijumaa iliyofuata hotuba msikitini nayo ikagusa hapohapo, kwa ukali wake. Uongozi wa Waislamu wilayani uliandika barua kwa mkurugenzi. Barua ilikuwa ya kistaarabu: iliuliza kama ukumbi ule ni wa wananchi wote au ni wa dini moja, na ikaomba majibu kwa maandishi.

Wakati huo majibu hayakuandikwa. Badala yake yakatokea mambo ya ajabuajabu, kama tutakavyoona.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa pazia. Mkurugenzi aliagiza bango kubwa la kitambaa, lile la kukaribisha wageni kwenye vikao vya wadau, litundikwe mbele ya maandishi kila panapokuwa na shughuli ya Serikali. Alitaka kutuliza pande zote bila kumuudhi mfadhili, na viti vilikuwa bado havijakabidhiwa rasmi. Kwa upande wake ulikuwa uamuzi wa mtu aliyebanwa. Lakini pazia lilifanya mstari uonekane kuliko mwanzo. Watu waliingia ukumbini na macho yao yakaenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Katika semina moja ya walimu bango lilianguka upande mmoja, nusu ya ukumbi ikapiga makofi na nusu ikanyamaza. Mkufunzi aliyekuwa anaeleza mtaala alijikuta hana mtu anayemsikiliza.

Wazo la pili lilitoka kwa mwenyekiti wa halmashauri: kama tatizo ni upande mmoja kuonekana, basi upande wa pili uongezwe. Ukuta wa mkono wa kulia ungeandikwa aya ya Qur'ani. Ukilifikiria, wazo hili lina mantiki ya nyumbani. Mwanasiasa yeyote wa Tanzania akishika kipaza sauti hutoa salamu zote mfululizo, "Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum," na kila mmoja anaitikia yake. Mwenyekiti aliona kilichofaa mdomoni kitafaa na ukutani.

Wazo lilipelekwa kwenye kamati ya amani ya viongozi wa dini, na kikao hicho ndicho kilichogeuza kisa kizima. Shehe wa wilaya alishukuru kwa kukumbukwa, kisha akakataa. Alisema ukumbi unakodishwa Jumamosi. Watu wanaingia na viatu vya matope, wanacheza muziki mpaka usiku wa manane, na hapo chini ya ukuta panapangwa kreti za bia. "Aya haiwezi kukaa juu ya bia, Mheshimiwa. Mkiiandika, mimi mwenyewe nitakuja kuomba ifutwe." Kukawa kimya. Kisha mchungaji mzee wa Kilutheri, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema lolote, akauliza kama ni kweli kreti zinapangwa pale. Mhudumu wa ukumbi aliitwa, akaeleza kwamba ndiyo, meza kuu ndiyo hugeuzwa kaunta kwa sababu iko karibu na soketi ya friji. Mchungaji akasema: "Basi Shehe amenitangulia. Na Zaburi yangu imekuwa ikisomewa walevi muda wote huu."

Mchungaji wa kanisa moja la Kipentekoste hakukubali. Kwake, neno la Mungu linatakiwa kuwa hasa mahali penye walevi. Hoja hiyo haikujibiwa vizuri siku ile, na mimi naiona ni hoja nzito kuliko nyingi zilizotolewa, ila inahusu kazi ya kanisa. Halmashauri haijaajiriwa kuhubiri kwenye sendofu.

Hapo sasa ndipo mwanasheria wa halmashauri alipoombwa maoni ya maandishi, miezi kadhaa baada ya rangi kukauka. Aliandika kurasa mbili. Alianza na Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977, inayoitambulisha Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyo na dini, kisha Ibara ya 19, ambayo inampa kila mtu uhuru wa imani, inaifanya kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa ya hiari ya mtu binafsi, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Halmashauri, akasema, ni mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Ukuta wake ukisema, mamlaka imesema.

Mkutano wa Baraza uliofuata ulikuwa mrefu. Hoja tatu za kutetea maandishi zilijirudia, na zote zinastahili kuangaliwa kwa sababu msomaji atakutana nazo.

Ya kwanza: wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu, Bunge linafunguliwa kwa dua, diwani anaapa na kumwomba Mungu amsaidie, sasa Zaburi ina kosa gani? Mwanasheria alijibu kwamba hayo yote yana karatasi: yamepitishwa na vyombo vya nchi, yanamtaja Mungu bila kunukuu kitabu cha dini mojawapo, na asiyetaka kuapa anaruhusiwa kuthibitisha. Jibu lilikuwa sahihi. Sidhani kama lilimridhisha kila mtu, na sidhani kama kuna jibu la kumridhisha kila mtu hapo. Nchi isiyo na dini inayoimba "Mungu ibariki" imechagua kukaa na watu wake walivyo, na mpaka wake hauwezi kuwa mnyoofu.

Ya pili: hospitali teule ya wilaya ina msalaba getini, na Serikali inapeleka pale watumishi na dawa. Mbona huko hakuna kelele? Hili lilikuwa rahisi. Hospitali ile ni ya kanisa, msalaba ni wa mwenye nyumba, na Serikali imeingia kwa mkataba ili wananchi watibiwe. Kwenye ukumbi, mwenye nyumba ni halmashauri.

Ya tatu ililetwa na diwani kijana aliyesoma sana mtandaoni: Marekani, nchi kubwa, wameandika "In God We Trust" mpaka kwenye kumbi za miji yao. Ni kweli. Maneno hayo yalianza kwenye sarafu mwaka 1864, na Bunge la huko likayafanya kaulimbiu ya taifa kwa sheria mwaka 1956. Halmashauri ya jiji la Bakersfield, California, ilipiga kura mwaka 2002 kuyaweka ukumbini kwake, na miji mingine ikaiga huku wananchi wakibishana. Mwanasheria angeweza kusema tu kwamba Marekani siyo Tanzania. Alifanya vizuri zaidi: alimuuliza diwani, "Huko Bakersfield walipiga kura kabla ya kuandika au baada?" Kisha akaonyesha nembo iliyokuwa ukutani, chini ya Zaburi, yenye bibi na bwana wameshika pembe za ndovu. Kaulimbiu ya taifa letu imeandikwa pale chini: Uhuru na Umoja. Kama tunataka kuiga Wamarekani kutukuza kaulimbiu ya taifa, tunayo tayari, na tumeibandikia kitu kingine juu yake.

Azimio lilipita kwa wengi. Madiwani wachache walitoka nje kabla ya kura kupigwa. Baraza liliamua kwamba kuta za majengo ya halmashauri zibebe nembo, picha rasmi, dira na dhamira, mkataba wa huduma kwa mteja na matangazo ya kazi. Kitu kingine chochote cha kudumu kiombewe kibali kwa maandishi. Vitu binafsi vya mtumishi kwenye meza yake, rozari, Biblia, tasbihi, kalenda ya kanisa, havikuguswa, wala mavazi. Sala ya kufungua vikao vya Baraza iliachwa kama ilivyo.

Matokeo

Mwenyekiti alimwendea mfadhili nyumbani, akiwa na mchungaji mzee. Walikaa muda mrefu kabla ya kufikia jambo lililowapeleka. Mfadhili aliumia, hakuficha, lakini habari ya kreti za bia ilimgusa kuliko ibara zote mbili za Katiba. Alisema fundi atakayefuta atoke kwake. Viti vikakabidhiwa rasmi siku hiyohiyo na kuingizwa kwenye rejista ya mali, jambo lililotakiwa kufanyika siku ya kwanza.

Fundi alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kukwangua wala kupiga msasa. Ikaanza kubanduka, na jua la alasiri likipiga dirishani herufi zilisomeka tena. Kundi la WhatsApp likatangaza muujiza. Mhandisi alilazimika kukwangua ukuta wote na kuupaka upya, safari hii kwa fedha za halmashauri, kwa hiyo gharama ambayo diwani wa viti maalumu aliiulizia mwanzoni ilikuja kuonekana kwenye vitabu mwishoni.

Diwani huyo hakuwahi kuombwa radhi kwa yale yaliyosemwa juu yake. Aliendelea na ujumbe wake kamatini. Kanisa moja lilihamishia semina zake za ujasiriamali kwenye ukumbi mwingine, likarudi baadaye kwa sababu ule mwingine ulivuja. Barua ya Waislamu ilipata majibu, aya mbili, zikinukuu azimio.

Uchambuzi

Wengi waliokisimulia kisa hiki wanakiita ugomvi wa Waislamu na Wakristo. Mimi nakiona ni ugomvi wa ukuta usio na muhtasari. Maandishi yaliingia bila kikao, na kwa sababu hiyo hapakuwa na njia ya kawaida ya kuyatoa. Kama yangepitishwa na kamati, kuyaondoa kungekuwa kubadili uamuzi wa kamati, kazi inayofanyika kila robo mwaka. Yalipokuwa hayana mwenyewe, mwenyewe akawa Mungu, na kila aliyeuliza akaonekana anashindana Naye. Kaimu aliyepita bila kusema kitu hakuwa na nia mbaya. Watumishi wengi wangefanya vilevile, na hasa kwa mstari mzuri kama ule. Lakini kunyamaza kwake ndiko kulikogeuka kibali.

Swali la mama diwani lilikuwa mlango bora kuliko yote iliyofunguliwa. Lilikuwa la gharama na la msaada usioandikishwa, yaani hoja ambayo mkaguzi wa ndani angeiibua hata kama ukutani kungechorwa twiga. Mwenyekiti angemjibu kwa maandishi ndani ya wiki moja, huenda tusingekuwa na kisa. Anayeongoza kikao akisikia swali dogo juu ya kitu kikubwa, alichukue kama lilivyoulizwa.

Pazia lilishindwa kwa sababu linasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu ni halali kubaki na kwamba ni aibu kuonekana. Upande mmoja ulisikia "tumefunikwa", mwingine ulisikia "bado kipo".

Wazo la kuongeza aya linahitaji uangalifu zaidi, maana ndilo suluhisho ambalo Mtanzania mwenye nia njema hulikimbilia. Salamu za dini zote hufaa kwa sababu zinatamkwa na mtu, kwa watu walio mbele yake, na zinapita. Ukuta hauitikiwi. Ukishaandika dini mbili utaulizwa ya tatu, na Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste nao wataulizana mstari wa nani umechaguliwa, na wale wanaoomba kwa mizimu ya mababu, ambao katika wilaya ile wapo na wanalipa ushuru, watabaki bila ukuta. Tena waliotakiwa kufurahishwa na nyongeza ndio waliokuwa na sababu ya ndani ya dini yao ya kuikataa, na hakuna aliyefikiria kuwauliza kwanza. Kwamba Shehe na mchungaji walikutana kwenye kreti za bia haikuwa bahati tu. Walikutana kwa sababu mtu aliwaita wazungumzie ukumbi wenyewe, unavyotumika Jumamosi, badala ya kuwaita wajadili uhusiano wa dini na Serikali.

Maoni ya mwanasheria yalichelewa, lakini nina shaka kama yangefaulu yakija peke yake mapema. Katiba iliwapa madiwani sababu ya kuandika kwenye azimio; viongozi wa dini ndio waliowapa nafasi ya kulipitisha na kurudi kata zao salama.

Kilichobaki ni ofisi za kata na vijiji. Barua ya mkurugenzi iliwataka watendaji waripoti kilichomo kwenye kuta zao. Wengi walikuta kalenda na stika za mikutano ya injili milangoni, zikatolewa bila maneno. Kijiji kimoja kilikuwa na jambo gumu: ofisi yake ni chumba cha kanisa, imekaa humo bila kodi kwa miaka, na msalaba wa mbao umejengewa ukutani tangu mwanzo. Mwanasheria alishauri usiguswe, kwa kuwa nyumba si ya kijiji, ila mikutano mikuu ya kijiji ifanyike uwanja wa shule, na fedha za ofisi ziingizwe kwenye bajeti. Ziliingizwa. Bado hazijatoka.